Don Williams nje ya mikusanyo: albamu za kusikiliza mwanzo hadi mwisho

Andika jina la Don Williams, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kwenye simu uone: mikusanyo makumi kwa makumi. Nyimbo bora, nyimbo ishirini, nyimbo za dhahabu, nyimbo za mapenzi. Ndani yake nyimbo ni zile zile karibu zote, zimepangwa upya tu. Kwa wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania waliomsikia redioni Jumapili asubuhi, au kwenye kaseti ya baba isiyokuwa na jalada, huyo ndiye Don Williams pekee: nyimbo kumi na kitu, hazina mwaka wala mpangilio. Hali halisi ni kwamba alitoa albamu zaidi ya ishirini za studio, na sita au saba kati ya hizo zilitengenezwa zisikilizwe nzima, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Makala hii inahusu hizo, na namna ya kuzipata bila kubabaishwa na majalada.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Albamu zake tatu za mwanzo ni Volume One ya 1973, Volume Two ya 1974 na Volume III ya 1974 hiyo hiyo, hii ya tatu ikiandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Baadaye ikaja mikusanyo: Greatest Hits (1975), The Best of Don Williams Volume II (1979), The Best of Don Williams Volume III (1984) na Greatest Hits Volume IV (1985). Kwa hiyo kuna "Volume III" mbili zilizoachana miaka kumi, moja albamu kamili, nyingine mkusanyo. Ukiona "Best of" au "Greatest Hits" kwenye jalada, huo ni mkusanyo. Usipoyaona maneno hayo, na ndani ukakuta "I Wouldn't Want to Live If You Didn't Love Me", wimbo wake wa kwanza kushika namba moja kwenye chati ya kantri ya Marekani, basi umeshika albamu ya 1974. Uingereza nako kampuni ya K-tel ilitoa mkusanyo ulioitwa Images mwaka 1978, ukafika nafasi ya pili kwenye chati ya albamu ya nchi hiyo.

Chanzo cha pili cha mkanganyiko ni kuhamahama kwa lebo, yaani kampuni za kutoa rekodi. Alianza na JMI, lebo ndogo ya Jack Clement mjini Nashville. Mwaka 1974 akaenda Dot, iliyokuwa chini ya ABC. Mwaka 1979 MCA ikainunua ABC, na Don akawa msanii wa MCA bila kuhama kwa miguu yake. Mwaka 1986 akaingia Capitol, mwaka 1989 RCA. Rekodi ile ile ya 1973 inaweza kukufikia ikiwa na nembo tofauti, na muziki ukawa haujabadilika hata kidogo. Usilipe zaidi kwa kudhani ni toleo jingine. Pia, kwa kuwa lebo hutengeneza mkusanyo kutokana na rekodi inazozimiliki, mikusanyo ya MCA ya enzi za santuri huishia mwaka 1985. Anayetafuta "Heartbeat in the Darkness" ya 1986 humo anajisumbua bure.

Cha tatu ndicho kinachoumiza zaidi: rekodi zilizorudiwa. Zipo CD za bei rahisi na faili za mtandaoni zenye nyimbo maarufu ambazo zilipigwa jukwaani au kuimbwa upya miaka mingi baadaye. Hazina kosa, ila si zile ulizozizoea. Zipo njia tatu za kuzitambua. Soma mstari mdogo wa chini wenye herufi P ndani ya duara: huo ndio mwaka na mmiliki wa rekodi, na kwa nyimbo za 1973 hadi 1985 utarajie kuona JMI, ABC, MCA au Universal iliyoirithi MCA. Jihadhari na mwaka wa albamu unaoonyeshwa na programu ya muziki, kwa sababu mara nyingi ni mwaka wa mkusanyo. Kisha hesabu nyimbo: albamu zake za miaka ya 1970 zina nyimbo kumi au kumi na moja, jumla kama nusu saa. Ukikuta ishirini na tano, hiyo si albamu. Mwisho, sikiliza sekunde thelathini za mwanzo. Ukisikia makofi, ngoma nzito inayojaza chumba, au kinanda cha elektroniki kinachometameta pale ambapo panapaswa kuwa na gitaa la mbao peke yake, irudishe ulikoitoa.

Sauti ile inatengenezwaje

Donald Ray Williams alizaliwa tarehe 27 Mei 1939 huko Floydada, Texas. Kabla ya kantri alikuwa mmoja wa watu watatu wa Pozo-Seco Singers, kundi la muziki wa asili wa magitaa makavu lililovuma mwaka 1966 na wimbo "Time". Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Wasanii wengi wa kantri wa rika lake walitoka kwenye kumbi za dansi, ambako lazima upaaze sauti ili usikike juu ya kelele za walevi. Yeye alitoka kwenye uimbaji wa pamoja wa sauti ya chini, ambapo anayepaaza anaharibu. Hata alipofika Nashville hakuibadili tabia hiyo. Akaimba kwa besi-baritoni, sauti nzito ya kiume, karibu na maikrofoni, bila kusukuma, bila kutetemesha noti za mwisho.

Wapigaji walipangwa kuizunguka sauti hiyo. Kenny Malone kwenye ngoma aliacha fimbo mara nyingi akapiga kwa viganja au brashi. Joe Allen kwenye besi alipiga noti chache akiziachia nafasi. Lloyd Green alipiga stili, lile gitaa linalolazwa chali, mpigaji akiteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi huku akikanyaga pedali kupandisha au kushusha noti. Kwenye nyimbo nyingi za kantri stili hulia kila mahali. Kwenye za Don Williams huingia mwisho wa mstari, ikajibu neno moja, ikanyamaza. Jaribu hili: chukua wimbo wowote wa 1973 hadi 1980 na uhesabu ni vyombo vingapi vinalia kwa wakati mmoja anapoimba beti ya kwanza. Mara nyingi hutapita vitatu.

Unyamavu huo una gharama kwa msikilizaji. Nyuzi ya chini kabisa ya gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Ukisikiliza kwa simu tupu, Joe Allen hayupo, na wimbo unabaki kama mtu anayeongea na gitaa. Tumia visikilizio vya masikioni au redio yenye spika ya kutosha. Santuri nayo ina taabu yake: kwa kuwa muziki ni wa chini, kila mkwaruzo husikika, tofauti na rekodi ya dansi inayofunika kasoro. Unaponunua santuri ya zamani, iinamishe chini ya mwanga wa pembeni. Michirizi myembamba ya juujuu haina neno, lakini ule unaoshika ukucha ukipitisha kidole utaruka. Angalia zaidi wimbo wa kwanza wa kila upande, maana ndipo sindano iliposhushwa ovyo miaka yote.

Volume One na Harmony

Volume One ilitayarishwa na Allen Reynolds, prodyuza ambaye baadaye alitengeneza albamu za Crystal Gayle na Garth Brooks. Ajabu yake ni kwamba kila kitu kimo tayari: kasi ya mtu anayetembea bila haraka, gitaa la mbao mbele, sauti katikati. "Come Early Morning" na "Amanda" zilitoka kwenye santuri ndogo moja, mbele na nyuma, zote za mtunzi Bob McDill. "Amanda" ilivuma kidogo tu kwa Don. Waylon Jennings ndiye aliyeifikisha namba moja mwaka 1979. Humo humo kuna "I Recall a Gypsy Woman", iliyotungwa na McDill pamoja na Reynolds. Uingereza ilifika nafasi ya 13 mwaka 1976, lakini Marekani haikuwa miongoni mwa nyimbo zake zilizotamba. Ukiilinganisha mikusanyo ya nchi hizo mbili, hapo ndipo utaona tofauti ya kwanza.

Volume Two na Volume III ni nzuri, lakini zinabebwa na nyimbo mbili tatu kila moja. You're My Best Friend ya 1975 nayo iko hivyo. Wimbo uliobeba jina lake ni wa Wayland Holyfield, na hauna uhusiano wowote na ule wa kundi la Queen wa mwaka huo huo wenye jina lile lile.

Harmony ya 1976 ndiyo albamu ya kwanza ambayo haina wimbo wa kuruka. Kufikia hapo Don alikuwa akitayarisha mwenyewe. "Till the Rivers All Run Dry", aliyoitunga na Holyfield, ni kiapo cha mapenzi kilichojengwa juu ya vitu visivyowezekana, na mwaka uliofuata Pete Townshend na Ronnie Lane, watu wa roki wa Uingereza, waliirekodi pia. "Say It Again" na "She Never Knew Me" zinaonyesha kazi ya albamu nzima: ya kwanza ni mume anayeomba asikie tena neno alilokwisha kuambiwa, ya pili ni mwanamume aliyekaa na mwanamke bila kujulikana undani wake. Zisikilize zikiwa mbali mbali kwenye mkusanyo, ni nyimbo mbili tamu. Zisikilize ndani ya Harmony, utamwona mtu yule yule katika nyumba mbili tofauti.

Kati ya hapo na kilele kuna Visions na Country Boy, zote za 1977. Country Boy ina wimbo wa kichwa uliokuwa umeimbwa na Harry Belafonte tangu miaka ya 1950, pamoja na "Louisiana Saturday Night" ya McDill, ambayo Mel McDaniel aliivumisha mwaka 1981. Kuna toleo la Don lenye utulivu zaidi, na ni bora.

Expressions, Portrait na I Believe in You

Hizi tatu, 1978, 1979 na 1980, ndizo kazi kubwa kuliko zote. Pembeni ya Don alikuwa Garth Fundis, aliyeanza kama fundi mitambo wa studio akapanda kuwa prodyuza mwenza, na waliendelea pamoja kwa miaka mingi.

Expressions ndiyo pana zaidi. Ina "Tulsa Time", wimbo wake wa haraka maarufu kuliko yote, uliotungwa na mpiga gitaa wake Danny Flowers akiwa amekwama hotelini Tulsa kwa sababu ya theluji. Wanaojifunza gitaa waujue wimbo huu: una mishiko miwili tu ya mkono wa kushoto, E na B7, basi. Wanaoshindwa kuupiga hukosea mkono wa kulia. Huupeleka mbio, wakati mwendo wenyewe ni wa kukaa nyuma ya mdundo kidogo, kidole gumba kikipiga besi bila kukatika. Eric Clapton, mpiga gitaa wa roki wa Uingereza, naye aliurekodi mwaka huo huo wa 1978. Tayari alikuwa ameimba "We're All the Way", utunzi wa Don mwenyewe, kwenye albamu yake ya 1977, na ukilinganisha utasikia alivyojifunza kuimba chini kutoka kwa Don. Kando ya "Tulsa Time" kuna "Lay Down Beside Me" na "It Must Be Love", na huu wa mwisho Alan Jackson aliurudisha namba moja mwaka 2000.

Portrait ndiyo ya ndani zaidi, na sababu ni wimbo mmoja: "Good Ole Boys Like Me" wa Bob McDill, uliofika namba mbili mwaka 1980. Msikilizaji wa huku anaweza kuupenda miaka ishirini bila kujua unasema nini, kwa sababu umejaa majina. Msimulizi ni mtoto wa Kusini mwa Marekani. Juu ya kitanda chake kuna picha ya Stonewall Jackson, jenerali wa jeshi la Kusini lililopigania kubaki na utumwa. Baba yake anaingia chumbani ananuka pombe kali na mkononi ana Biblia. Anayemlaza ni Uncle Remus, msimulizi wa ngano za watu weusi waliokuwa watumwa, zilizoandikwa na mwandishi mweupe. Usiku mtoto anasikiliza redio: John R. na Wolfman. John R. ni John Richbourg wa kituo cha WLAC cha Nashville, mzungu aliyepiga muziki wa watu weusi usiku, na wasikilizaji wengi walidhani naye ni mweusi. Wolfman Jack alisikika kutoka kituo cha mpakani upande wa Mexico, chenye nguvu ya kuvuka nchi nzima. Kwenye kiitikio yamo majina mawili, Hank na Tennessee. Wote wawili ni akina Williams: mmoja mwimbaji wa kantri aliyekufa akiwa na miaka 29, mwingine mwandishi wa tamthilia. Na anayeimba naye ni Williams.

Kwa hiyo ndani ya dakika nne kuna mtoto aliyelelewa chini ya picha ya jenerali wa jeshi la kutetea utumwa na akapewa masikio na redio za watu weusi. McDill hasemi lipi lilishinda. Don naye anaimba bila kuegemea upande, bila hata kukazia neno la pombe au la Biblia. Mwimbaji mwenye kupaaza angeuharibu wimbo huu kwa mstari mmoja. Bob McDill, mzaliwa wa Texas kama Don, aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri mwaka 2023, na huu ni miongoni mwa nyimbo zilizompeleka huko.

I Believe in You ilipata tuzo ya Albamu ya Mwaka ya Chama cha Muziki wa Kantri, CMA, mwaka 1981. Wimbo wa kichwa, wa Roger Cook na Sam Hogin, ulishika namba moja ya kantri na ukafika 24 kwenye chati ya muziki wa jumla, mbali kuliko wimbo wake mwingine wowote. Hapa vyombo vimelainishwa zaidi, na nyuzi za violini zimeongezwa pembeni. Wapo wanaoiona ndiyo bora. Kwa masikio yetu inapungukiwa na chumvi iliyomo Portrait, ingawa wimbo kwa wimbo haina kasoro.

Baada ya kilele

Especially for You ya 1981 iko karibu kabisa na hizo tatu. Ina "Lord, I Hope This Day Is Good" ya Dave Hanner, sala ya mtu aliyechoka ambayo haiombi muujiza, na "If I Needed You" ya Townes Van Zandt aliyoimba na Emmylou Harris. Sikiliza jinsi Emmylou anavyokaa juu na Don chini, na katikati wakaacha uwazi.

Listen to the Radio (1982), Yellow Moon (1983) na Cafe Carolina (1984) zina nyimbo nzuri zilizotapakaa. "If Hollywood Don't Need You", "Love Is on a Roll" ya Roger Cook na John Prine, na "Maggie's Dream" zinatosha kuchukuliwa moja moja. Kosa la enzi hizo ni kinanda cha elektroniki na ngoma zenye mwangwi, ambavyo vilikuwa vinaingia kila studio ya Nashville na ambavyo havimfai mtu wa sauti ya chini: mwangwi hula mwisho wa maneno. New Moves na Traces za Capitol zina tatizo hilo hilo, ingawa "Come from the Heart" kwenye Traces ni hazina. One Good Well ya 1989, kwa RCA, imesafishwa kidogo na ndiyo ya kuchagua kama unataka moja tu ya kipindi hicho.

Miaka ya 1990 aliipitia kwa utulivu, na mwaka 1997 alipiga Harare, Zimbabwe, onyesho lililorekodiwa na kutolewa kwa jina la Into Africa. Lina thamani kwa sababu moja mahususi: umati unaimba kwa pamoja nyimbo ambazo kwenye rekodi zimekaa kimya kimya, na Don anashusha sauti yake zaidi badala ya kushindana nao. Nairobi mapenzi hayo yalizaa waimbaji wa kantri wa nyumbani, akiwemo Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis.

Mwaka 2010 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima, na mwaka 2012 akarudi studio na Fundis kutengeneza And So It Goes, wakiwemo Alison Krauss, Vince Gill na Keith Urban. Sauti imeshuka na kukauka, na wageni hawakuachiwa kuijaza. Reflections ya 2014 ni bora zaidi ya hiyo. Humo anaimba "Sing Me Back Home" ya Merle Haggard, kuhusu mfungwa anayepelekwa kuuawa, akiwa na umri wa miaka 74 au 75, kwa pumzi fupi zinazosikika. Alifariki tarehe 8 Septemba 2017.

Anayeanza leo achukue Expressions, kisha Harmony, kisha Portrait akiwa amekaa chini na maneno ya wimbo mkononi. Volume One ifuate hapo, ili asikie jinsi mambo yote yalivyokuwepo tangu 1973. I Believe in You na Especially for You zinakwenda pamoja siku moja; kila moja ni kama nusu saa. Reflections iwekwe ya mwisho, na kabla ya kuifungua usikilize tena "Amanda", kwa sauti ile ile ya redio, bila kugusa kitufe.